Haji Ismail na Mzinga wa Shaba: Kuzisoma Picha za Mawe ya Misri, 1849–1852

Katika picha moja iliyopigwa Abu Simbel, kusini kabisa mwa Misri, mwishoni mwa Machi 1850, kichwa cha Firauni Ramses wa Pili kimejitokeza kutoka katika lundo la mchanga. Juu ya taji lake ameketi mtu. Ni mdogo mno hivi kwamba mwenye kufunua kurasa kwa haraka humpita asimtambue, na akishamtambua hawezi tena kuitazama picha ile bila ya kumtazama yeye kwanza. Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu wa uzamili picha hii kabla sijawaambia lolote juu yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuanza kwa kuniuliza habari za Ramses. Wote huuliza yule aliye juu ni nani.

Jawabu lake linajulikana, jambo ambalo ni nadra katika picha za aina hii. Jina lake ni Haji Ismail. Alikuwa Mnubi, baharia wa mashua iliyowapandisha Wafaransa wawili Mto Naili katika miezi ya mwanzo ya 1850. Mmoja wao, Maxime Du Camp, ndiye aliyekuwa na kamera. Wa pili alikuwa ameacha nyumbani muswada ambao rafiki zake walikuwa wamemshauri autie motoni, na ilikuwa bado miaka kadhaa kabla hajawa yule Gustave Flaubert tunayemfundisha katika kozi za riwaya ya Ulaya. Juu ya Flaubert huko Misri mengi yamekwisha andikwa, na makala haya hayakusudii kuyarudia. Yanakusudia kumsoma Haji Ismail, yaani kuuliza tunajua nini juu yake, tumekijua kwa ulimi wa nani, na ulimi huo unaaminika kwa kadiri gani. Hayo ndiyo maswali tunayoyauliza tunapohakiki utenzi au riwaya. Sioni kwa nini picha ya msafiri isamehewe.

Neno Mnubi huenda likampotosha msomaji wa Kenya, kwa hivyo na lielezwe mapema. Wanubi wa Kibra ni kizazi cha askari waliokusanywa Sudan katika karne ya 19, wengi wao kutoka kusini, na Kinubi chao ni lugha iliyozaliwa kambini kutokana na Kiarabu. Wanubi wa Naili ni watu wengine kabisa. Wao ni wakaaji wa kingo za mto huo tangu Aswan kuelekea Dongola, wenye lugha zao za kale ambazo si Kiarabu. Haji Ismail alikuwa wa hawa wa pili.

Uhusiano wa kamera na mawe ya Misri ulianza siku zile zile kamera ilipoanza. François Arago alipolitangazia bunge la Ufaransa uvumbuzi wa Daguerre katika mwaka wa 1839, mfano alioutoa wa faida yake ulikuwa maandishi yaliyochongwa katika mahekalu ya Thebes. Msafara wa Napoleon wa 1798 ulikuwa umechukua wachoraji chungu nzima ili wayanakili mawe hayo kwa mkono, na kazi ikachukua miaka. Sasa mtu mmoja mwenye sanduku angeweza kuifanya. Kabla mwaka ule haujaisha, Wafaransa wengine walikuwa wamekwisha fika Iskandaria na vyombo vyao. Kwa hiyo Du Camp hakuwa wa kwanza. Sifa yake ni kwamba yeye ndiye aliyetoka na kitabu.

Yeye na Flaubert waliondoka Paris mnamo Oktoba 1849, wote wawili hawajatimiza miaka 28. Du Camp alijipatia barua ya kazi kutoka Wizara ya Elimu, na Flaubert akapata ya Wizara ya Kilimo na Biashara, ambayo kwa hakika hakuitumikia. Akademia ya Maandishi ya Kale ya Paris ilimpa Du Camp maagizo: anakili michoro na maandishi ya mawe, kwa picha na kwa karatasi mbichi zinazogandamizwa juu ya jiwe mpaka zichukue umbo lake. Upigaji picha alijifunza kwa Gustave Le Gray muda mfupi tu kabla ya safari. Walikodi mashua Kairo, wakaanza kupanda mto mnamo Februari 1850, wakafika Wadi Halfa mwezi wa Machi, kisha wakawa wanateremka polepole huku wakisimama kila penye jengo la kale. Juni walikuwa wamerudi Kairo. Du Camp alirejea Ulaya na picha zaidi ya 200, na 125 kati ya hizo zikatolewa mwaka 1852 katika kitabu *Égypte, Nubie, Palestine et Syrie*, kilichochapishwa Paris na picha zake kusafishwa katika karakana ya Blanquart-Evrard huko Lille. Hicho huhesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya safari vilivyopambwa kwa picha za kamera. Mwaka 1853 mwandishi wake akatunukiwa nishani.

Yampasa mhakiki ajue japo kidogo namna picha hizo zilivyopatikana, kwa sababu maana yake imefungamana na ufundi wake. Hapakuwa na filamu wala kioo. Picha ilinaswa juu ya karatasi iliyotiwa chumvi za fedha, na karatasi hiyo ilikuwa nzito kuhisi mwanga. Hata katika jua la Misri ilibidi lenzi iachwe wazi kwa muda wa kuhesabika kwa dakika. Chochote kinachotikisika hufutika: maji ya mto huwa ukungu, majani ya mitende huwa moshi, na mtu anayepita hatokei kabisa. Jiwe peke yake ndilo lililotulia kadiri kamera ilivyotaka. Ndiyo maana Misri ya picha za awali ni nchi ya mawe isiyo na watu, na baadhi ya wasomaji wa Ulaya walipoziona picha hizo waliridhika kwamba hivyo ndivyo Misri ilivyo. Utupu huo uliletwa kwa sehemu na karatasi. Hata hivyo, karatasi haiwezi kubebeshwa lawama yote, kwani Du Camp alipomtaka mtu awemo katika picha alijua jinsi ya kumweka.

Na mtu alimtaka kwa sababu moja. Jiwe likipigwa picha peke yake halina ukubwa. Sanamu ya Abu Simbel, yenye kimo cha takriban mita 20, ikiwa ndani ya ukurasa haina tofauti na kinyago cha kuweka juu ya meza. Du Camp alieleza mwenyewe katika *Le Nil*, kitabu chake cha 1854 alichokiandika kwa sura ya barua kwa Théophile Gautier, kwamba kila alipokwenda kupiga picha alimchukua Haji Ismail akampandisha juu ya gofu, ili picha zote ziwe na kipimo kimoja. Alimsifu kuwa ni Mnubi mwenye umbo zuri sana. Kisha akaeleza taabu aliyoipata kumfanya atulie, na hila aliyoitumia. Alimwambia kwamba ule mwanzi wa shaba uliotokeza mbele ya sanduku, yaani lenzi, ni mzinga, na kwamba akithubutu kujitikisa utammiminia risasi. Hila ikafaulu, na Du Camp akaichukua kuwa dalili ya jinsi Waarabu hawa maskini walivyo wajinga. Mnubi wa sentensi moja amekwisha kuwa Mwarabu katika inayofuatia.

Baada ya hapo ndipo inapokuja sehemu ninayoiona kuwa ya thamani kuliko kitabu kizima. Du Camp anasimulia kwamba siku moja, wakitoka kwenye hekalu la Dendera, aliyasikia mazungumzo baina ya Haji Ismail na nahodha wa mashua, Rais Ibrahim. Nahodha anamuuliza habari. Baharia anajibu kuwa hakuna habari, kisha anasimulia: Baba wa Wembamba (ndilo jina la utani ambalo mabaharia walimpa Du Camp) amemwamuru apande juu ya nguzo yenye uso mkubwa wa sanamu, akajifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akamwelekezea mzinga wake wa manjano, akapiga kelele asijitikise. Mzinga ukamkodolea kijicho chake kinachong'aa, naye akatulia, na haukumuua. Nahodha anamtukuza Mungu. Baharia naye anamalizia kwa kumtaja Mtume.

Du Camp aliyaandika haya ili msomaji wa Paris acheke, na kwa muda mrefu msomaji wa Paris amecheka. Wanahistoria wa upigaji picha huinukuu hadithi hii kama kichekesho cha kupamba sura, kisha huendelea na habari za Le Gray na chumvi za fedha. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilisikia sauti nyingine, na kadiri ninavyoirudia ndivyo sauti hiyo inavyozidi kuwa wazi. Nadhani Haji Ismail alikuwa akifanya mzaha.

Izingatiwe siku yenyewe. Dendera iko kaskazini ya Thebes. Walipofika hapo wakiwa njiani kurudi walikuwa wamekwisha pita Abu Simbel na Philae na mahekalu ya Thebes, na Haji Ismail amekwisha pandishwa juu ya mawe mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Mtu anaweza kuuogopa mzinga mara ya kwanza, pengine na ya pili. Mzinga ambao kwa miezi haujawahi kulia, ambao kila jioni unafungwa ndani ya sanduku pamoja na chupa za dawa, ambao bwana wake huuchungulia akiwa amejifunika kichwa, baharia yeyote mwenye akili zake amekwisha kuujua kuwa si mzinga. Huyu isitoshe alikuwa Haji. Alikuwa amevuka bahari na jangwa akafika Makka na kurudi, akachanganyika na mahujaji wa kila nchi. Katika mashua ile huenda hapakuwa na mtu aliyekwisha uona ulimwengu kwa taabu kuliko yeye.

Halafu na usikilizwe mpangilio wa maneno. Anaulizwa habari, anajibu hakuna, ndipo anaisimulia hatari ya kifo. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa mtindo huu. Kwetu mtu huulizwa habari akajibu ni njema, kisha ndipo aseme kwamba amefiwa. Jibu la kwanza ni adabu, na mwenye ulimi anaweza kuigeuza adabu hiyo kuwa mchezo: hakuna jipya, ni yale yale, leo tena nimeelekezewa mzinga na leo tena sikufa. Ukubwa wa jambo na wepesi wa sauti vinagongana, na mgongano huo ndio kejeli. Naye Rais Ibrahim anaipokea vilivyo. Badala ya kushangaa anatoa tamko la kidini, baharia analikamilisha, na mazungumzo yanafungwa kama wimbo wa kupokezana. Du Camp anasema kuwa nahodha alilitamka neno lake kwa uzito wa mwenye hekima. Sina shaka kwamba uzito ulikuwapo. Wanaume wawili wanaofanyiana mzaha mbele ya mgeni asiyeujua hawacheki.

Itapingwa, na ni haki ipingwe, kwamba shahidi wetu wa pekee ni Du Camp mwenyewe. Kiarabu chake hakikuwa cha kutosha kuyanasa mazungumzo ya mabaharia. Walisafiri na mkalimani, Mwitalia aliyeitwa Joseph Brichetti. Na Du Camp hakuwa msimulizi wa kuaminiwa sana. Ndiye aliyedai, miaka mingi baadaye, kwamba Flaubert alilipata jina la Emma Bovary ghafla akiwa juu ya jabali linalotazama maporomoko ya pili ya Naili, na wachunguzi wa Flaubert wengi wanaitilia shaka hadithi hiyo. Yamkini basi ameyatunga na haya ya Dendera, au ameokota maneno mawili matatu akayashona.

Pingamizi hili nalikubali nusu. Nakubali kwamba hatuna maneno halisi ya Haji Ismail. Sikubali kwamba hiyo inamwondoa katika habari hii. Lile jina la utani halikutungwa na Du Camp. Mabaharia walimpa na Flaubert la kwake, Abu Shanabu, kwa ajili ya masharubu yake, na Flaubert anaitaja habari hiyo katika barua zake kwa furaha. Hawa walikuwa watu waliozoea kuwachora wageni wao kwa neno moja. Aidha, yako mambo katika masimulizi yale ambayo mpiga picha hawezi kuyaona akiwa mahali pake. Kitambaa cheusi juu ya kichwa, kijicho kinachong'aa, mwanzi wa manjano ulioelekezwa: hivyo vyote ni vitu vinavyoonekana na aliye upande wa pili, juu ya nguzo. Katika kitabu chote cha picha 125 hakuna pahali ambapo Du Camp anaonekana. Anaonekana hapa tu, mwembamba, amejifunika kitambaa, akipiga kelele. Aliyempiga picha hiyo ni Haji Ismail.

Kuhusu mzinga kuna jambo la kuongeza. Miaka 51 tu kabla ya safari hii jeshi la Ufaransa chini ya Desaix lilipanda mto huo huo likimfukuza Murad Bey, likafika Philae, na askari wake wakachonga kumbukumbu yao katika jiwe la hekalu, yenye tarehe ya Machi 1799. Yapo hapo mpaka leo. Wazee wa kingo za Naili waliyajua mizinga ya Kifaransa kwa kuyasikia. Mfaransa aliyemwambia mtu wa nchi ile kwamba amemwelekezea mzinga hakuwa anabuni kitisho kutoka hewani, na aliyekisikia hakuhitaji kuwa mjinga ili akae kimya.

Narudi kwenye kipimo, kwa maana hapo ndipo penye uzito wa mambo. Kumfanya mtu kuwa kipimo si jambo la aibu peke yake. Vipimo vyetu vya asili vyote vimetoka mwilini: wanda ni kidole, shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, dhiraa ni mkono tangu kiwiko, na pima ni mikono miwili iliyonyoshwa. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Pate walijenga kwa mikono yao kwa maana zote mbili. Upana wa chumba nao ulifungwa na urefu wa boriti ya mkoko, na boriti ilikuwa na urefu ambao mtu aliweza kuukata mikokoni na kuubeba. Ndani ya nyumba kama hiyo mwili wa binadamu umo katika kila ukuta hata kama hakuna mtu. Tofauti ya Abu Simbel ni kwamba kipimo hakikutokana na aliyejenga wala aliyekaa. Kilitolewa mashuani, kikapandishwa, kikaambiwa kitulie, kisha kikateremshwa. Maandishi ya chini ya picha yanataja mahali na jengo. Rula haiandikwi jina.

Desturi hiyo haikukoma. Waliomfuata Du Camp, kama Félix Teynard na baadaye Mwingereza Francis Frith na vioo vyake, waliwaweka wenyeji penye nguzo na miguuni mwa sanamu vivyo hivyo. Wenye maduka ya picha wa Luxor na Port Said wakaifanya biashara. Akiolojia ilipokuwa na nidhamu zaidi ilimbadilisha mtu kwa fimbo yenye mistari ya rangi mbili, ila mara nyingi fimbo hiyo imeshikwa na mkono, na mkono una mwenyewe. Msomaji anaweza kwenda katika maktaba yoyote yenye vitabu vya uchimbuzi wa pwani ya Afrika ya Mashariki akajitazamia. Nimewahi kukaa siku nzima na vitabu vya namna hiyo nikitafuta majina ya wachimbaji. Ya mabakuli ya Kichina niliyapata yote.

Hapa inafaa kumkumbuka mtu wa Pate aliyeyatazama magofu bila ya kamera. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga *Al-Inkishafi* mwanzoni mwa karne ya 19, kwa hiyo aliwatangulia Du Camp na mwenziwe kwa miongo michache tu. Naye alikuwa mbele ya mawe: nyumba za mabwana wa Pate zilizokuwa na taa na vyombo vya kaure, sasa zimebaki kuwa makazi ya popo na bundi. Kwa kawaida tunaufundisha utenzi huo kama mawaidha juu ya ulimwengu unaohadaa, na hivyo ndivyo ulivyo. Lakini ukiusoma pamoja na picha za Naili jambo jingine hudhihirika. Mshairi haulizi ukuta una kimo gani. Anauliza waliokuwamo wamekwenda wapi. Anazijaza nyumba tupu kwa watu, kwa mwendo wao na kelele zao na mavazi yao, ndipo azitupue tena, hata utupu ukawa na uchungu. Kamera ya 1850 ilikuwa na kazi ya kinyume. Kijiji kilichokuwa kando ya hekalu, vibanda vilivyojengwa juu ya dari lake, wanawake wanaochota maji, vyote ilibidi visubiri nje ya picha au vigeuke ukungu.

Sisemi kwamba shairi ni bora kuliko picha; ingekuwa hoja ya kitoto. Nasema kwamba magofu yana sarufi mbili, na iliyotamalaki katika vitabu vya watalii, kadi za posta na hata vitabu vyetu vya shule ni ile ya Du Camp. Mathalani Takwa, katika kisiwa cha Manda. Picha zake zinafahamika: kaburi lenye mnara, msikiti usio na paa, mbuyu. Hakuna mtu. Na hali watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda huko mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Kwao lile si gofu, ni mahali pa ibada ambapo hapana nyumba za kukaa. Msafiri anayefika siku isiyo ya dua huondoka na picha ya jiwe lililoachwa, na picha haisemi uongo, ila imepigwa siku ambayo si yake.

Sasa Flaubert, kwa ufupi. Yeye kamera aliichukia, na katika shajara yake alikiri kwamba mahekalu ya Misri yalimchosha kupita kiasi. Wakati mwenziwe yuko juani na sanduku lake, yeye aliandika juu ya watu: wacheza ngoma, wapagazi, mabaharia, ngamia, harufu. Ingependeza kumfanya shujaa wa makala haya, lakini alivyowatazama watu hao hakuwatazama kwa macho safi kuliko Du Camp, na wanawake hasa. Inatosha kusema kwamba watu katika maandishi yake wanatembea.

Yaliyotokea baadaye Abu Simbel yanaipa picha ya 1850 maana ambayo mpigaji wake hakuiwazia. Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika 1902, likainuliwa 1912 na tena 1933, na kila mara maji yalivyopanda vijiji vya Wanubi vilisogea juu au kuhama. Bwawa Kuu, lililojengwa kati ya 1960 na 1970, lilikuwa la kuimeza Nubia ya chini yote. Mnamo Machi 1960 UNESCO iliuomba ulimwengu uyaokoe mahekalu, na ulimwengu ukaitika. Kati ya 1964 na 1968 jabali la Abu Simbel lilikatwa vipande zaidi ya elfu moja, likapandishwa mita 65 juu ya mahali pake pa zamani na kuunganishwa tena mbele ya kuba la zege. Uso wa Ramses ulipoinuliwa kwa winchi mwaka 1965 wapiga picha walikuwapo kutoka kila nchi. Katika picha zao, kando ya shavu la Firauni, wamesimama vibarua wenye helmeti. Tunaona kwa hao jinsi uso ulivyo mkubwa.

Wanubi nao walihamishwa. Kutoka upande wa Misri wapatao 50,000 walipelekwa karibu na Kom Ombo katika 1963 na 1964, na idadi isiyopungukiwa sana na hiyo walitolewa Wadi Halfa, upande wa Sudan, wakapelekwa Khashm el-Girba, mamia ya kilomita kutoka mtoni mwao. Hakuna aliyeweza kuvikata vijiji vipande na kuviunganisha. Mwaka 1968, mwaka ule ule hekalu lilipofunguliwa upya kwa sherehe, Muhammad Khalil Qasim alichapisha riwaya *Al-Shamandura*, ambayo wahakiki wa Misri huihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kinubi, juu ya kijiji kinachongojea maji ya 1933. Baadaye wakaja Idris Ali na Haggag Hassan Oddoul. Nina hakika wengi wa wasomaji wa jarida hili wameiona picha ya Abu Simbel, na wachache mno wamekisoma kimojawapo cha vitabu hivyo. Mimi mwenyewe niliviona kwa kuchelewa, na nilifikishwa kwavyo na yule mtu aliye juu ya taji.

Du Camp hakupiga picha tena. Walipofika Beirut alibadilishana vyombo vyake vyote kwa vitambaa vilivyotariziwa, na maisha yake yaliyobakia aliyatumia kwa kuandika. Katika kitabu chake cha 1852 kuna watu wawili ambao wachunguzi wameweza kuwatambua. Mmoja yumo katika picha ya nyumba na bustani mtaani mwa Wazungu huko Kairo, amesimama kijiani, amevaa joho, uso haukusomeka. Chini pameandikwa kuwa ni nyumba na bustani. Huyo ni Flaubert, na alitambuliwa kwa sababu wasifu wake umeandikwa mara nyingi na kila siku ya safari yake imekwisha hesabiwa. Wa pili ni Haji Ismail. Wasifu hana. Jina lake limetufikia ndani ya hadithi iliyosimuliwa ili achekwe.